Pesa Hurudi, Mguu Haurudi

Kazi yangu siku ile ilikuwa ndogo: kusimama kando ya mlango wa mbao, kuufungua nikiambiwa, kuufunga nikiambiwa, na kukaa kimya. Msimamizi wa shamba alinieleza hayo kwa kunong'ona, saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba tulikuwa msikitini. Kulungu hushtushwa na sauti, alisema, na kulungu aliyeshtuka hutafuta pa kutokea hata kama hapapo. Banda lilikuwa na mwanga hafifu. Kuta zake zilizidi urefu wa mtu, na nyuma ya kila ukuta walisimama madume wawili au watatu wakisubiri kupigwa mnada.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili katika uchumi wa kilimo, Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Januari kule ni kiangazi, madarasa yamefungwa, na posho ya ufadhili ina tabia ya kwisha kabla ya mwezi. Niliposikia kuna shamba linatafuta vibarua wa siku ya mnada, nilikubali haraka. Nilijiambia mnada naujua. Nimekulia wilaya ya Hanang, mkoani Manyara; siku ya mnada kwetu darasa hubaki na nusu ya wanafunzi, na mwalimu haulizi wengine wako wapi.

Tangu siku ile kuna swali limenikaa kooni. Mnada ukiendeshwa kwa haki, haki hiyo ni ya nani?

Nianze na mnyama mwenyewe, maana kwetu hayupo. Kamusi humwita kulungu, lakini si mbawala wa vichaka vyetu wala swala wa Serengeti. Pembe za dume huanguka kila mwaka na kuota upya. Zinapoota huwa laini, zina ngozi yenye manyoya mafupi kama mahameli, na damu hupita ndani yake. Pembe hizo changa hukatwa kwa ganzi, hukaushwa, na nyingi huuzwa China na Korea Kusini, ambako hutumika katika tiba za jadi na vyakula vya kujenga afya. Nyama nayo husafirishwa, hasa Ulaya na Marekani.

New Zealand haikuwa na kulungu. Walowezi wa Kiingereza walianza kuwaleta mwaka 1851 ili wapate cha kuwinda. Hakukuwa na simba wala chui wa kuwapunguza, wakazaliana mpaka wakala misitu na kuacha milima ikimomonyoka. Kufikia miaka ya 1930 serikali ilikuwa inawalipa watu kuwaua. Baadaye nyama yao ikapata soko, wawindaji wakawafuata kwa helikopta. Kisha mtu akapiga hesabu kwamba kulungu hai ana faida kuliko aliyekufa, na helikopta zilezile zikaanza kuwanasa kwa nyavu na kuwapeleka mashambani. Leseni ya kwanza ya shamba la kulungu ilitolewa mwaka 1970. Ndani ya miaka 120 mnyama mmoja alikuwa burudani, akawa adui, akawa nyama, akawa mali.

Ninaeleza historia hii kwa sababu moja. Ng'ombe amekaa na binadamu maelfu ya miaka. Amezoea fimbo, kelele na kusukumwa. Kulungu wa mashamba haya ana miaka hamsini na kitu tu tangu bibi yake aliponaswa porini. Tumemwekea uzio wa karibu mita mbili na hereni ya sikioni, halafu tukamtia katika desturi ya kuuza iliyotungwa kwa ajili ya ng'ombe na kondoo.

Lazima nikiri kwamba nilipoliona tangazo lao la mnada niliona wivu. Mnunuzi hupewa kitabu. Kila dume ana ukurasa: baba yake na mama yake, uzito wake, kilo za pembe zake mwaka hadi mwaka, na makadirio ya namna watoto wake watakavyokua na pembe watakazoota, yaliyopigwa kutokana na kumbukumbu za ukoo mzima. Kuna na picha ya kichwa iliyopigwa kabla pembe hazijakatwa. Wanunuzi huja Januari kwa sababu majira ya kupandana ni Machi na Aprili, na dume anahitaji muda wa kuzoea shamba jipya.

Kwetu kitabu ni macho. Mnunuzi humzunguka ng'ombe, humshika nundu, humfungua mdomo kuhesabu meno, kisha hutaja bei ambayo dalali ameshaijua tangu jana usiku. Serikali imehimiza mizani minadani kwa miaka mingi, na bado sehemu nyingi kilo hukadiriwa kwa jicho. Jicho la mfanyabiashara anayenunua ng'ombe mia kwa mwezi si sawa na jicho la mfugaji anayeuza watatu kwa mwaka kulipa ada. Niliwahi kuandika insha nzima ya darasani nikidai kwamba dawa ya mnada ni taarifa: mpe kila mtu mizani na daftari, na haki itajileta yenyewe.

Basi, saa moja kasoro asubuhi hiyo, tukiingiza madume wa mwisho, mmoja aliruka ukuta wa kizimba. Hakuufikia juu. Aligonga mbao, akaanguka kwa ubavu, akainuka na kukimbilia kona. Alipohamishwa kizimba cha pili nikaona mguu wa nyuma wa kushoto haukanyagi sawasawa. Hatua tatu, nne, kisha akasimama.

Niliona peke yangu. Msimamizi alikuwa getini akipokea magari. Nilijiambia amejigonga tu, itapita. Nilijiambia mimi ni kibarua wa siku moja, mweusi peke yangu uwanja mzima, na sitaki kuwa yule mgeni aliyesimamisha shughuli ya watu kwa sababu ya hatua tatu. Nikaufunga mlango kama nilivyoagizwa.

Saa tatu wanunuzi walipita kwenye ujia, kitabu mkononi, wakichungulia kila kizimba kwa nusu dakika. Kulungu mwenye hofu husimama kama gogo, na mguu uliosimama hauchechemei. Kisha wote wakaenda kwenye hema. Mnada wenyewe ulifanyika huko, kwa picha ukutani na dalali kwenye jukwaa, na wengine wakiweka dau kwa mtandao kutoka mbali. Nikiwa bandani nilisikia nyundo ikigonga. Dume yule aliuzwa kwa maelfu ya dola, muda mfupi kuliko wa kumenya chungwa.

Nilimwambia msimamizi saa tisa, tukiosha sakafu. Hakugomba. Alikwenda kumtazama, akampigia simu mnunuzi, akampigia daktari wa mifugo. Kano zilikuwa zimechanika. Msimu huo hafai kupanda. Mnunuzi alirudishiwa pesa zake zote kesho yake. Watu wastaarabu, wameelewana, kila kitu kwa maandishi. Msimamizi alinishukuru kwa kusema ukweli, kisha akaongeza bila kunitazama: "Ungeniambia saa moja."

Wanafalsafa wameligombania swali la muuzaji anayenyamaza kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Cicero, katika kitabu chake cha wajibu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mfanyabiashara aliyetoka Alexandria na shehena ya nafaka kwenda kisiwa cha Rhodes, ambako kuna njaa na bei iko juu. Mtu huyu anajua kwamba meli nyingine zimeng'oa nanga na zinakuja. Je, awaambie watu wa Rhodes, au auze kwanza? Diogenes wa Babylon alisema muuzaji anatakiwa kutaja kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, na zaidi ya hapo ni biashara yake. Mwanafunzi wake Antipater alisema lazima aseme yote, kwa kuwa binadamu ni ndugu na jambo la manufaa kwao halifichwi. Cicero alimuunga mkono Antipater, ila aliweka mpaka: kunyamaza peke yake hakuitwi kuficha. Kuficha ni kutaka wenzako wasijue, kwa faida yako, jambo ambalo wangefaidika kulijua.

Kwa kipimo hicho nilijaribu kujitetea. Mimi sikuwa muuzaji. Dola za dume yule hazikuwa zangu. Lakini faida nilikuwa nayo. Nilinunua utulivu wangu, kutotazamwa na watu, kwa kunyamaza kwangu. Bei ilikuwa ndogo ndiyo maana sikuiona.

Fiqhi nayo, ambayo wengi wa pwani wameisoma kabla hawajasoma uchumi, imeuchambua mnada kuliko vitabu vyangu vingi vya darasani. Inakataza najshi, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua ili kumtega mwingine. Sheria ya New Zealand ya leo imefika karibu na hapo kwa njia yake: muuzaji akijiwekea dau katika mnada wake mwenyewe, lazima litangazwe kuwa ni lake, na haruhusiwi kufanya hivyo bei yake ya chini ikishafikiwa. Fiqhi pia inakataza kumwacha kondoo au ngamia bila kumkamua siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ni wa maziwa mengi. Aliyeuziwa kwa hila hiyo ana hiari ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyakamua.

Niliposoma habari ya kiwele nilifunga kitabu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja nilipomshikia baba ndoo. Usiku wa kuamkia mnada alimlambisha fahali wetu chumvi ya magadi nyingi, na alfajiri tukampa maji. Mnyama mwenye kiu ya chumvi hunywa mpaka tumbo linakaza kama ngoma, na kwa jicho la mnunuzi anaongezeka kilo. Karibu kila mtu alifanya. Baba alisema mnunuzi naye anatuibia kwa jicho lake, kwa hiyo tunasawazisha. Ile ilikuwa ada yangu ya kidato cha kwanza.

Sasa tazama kanuni hizi zote pamoja: ya Antipater, ya najshi, ya kiwele, ya kitabu chenye picha. Nazikubali zote. Zinaizuia hila, na hila ikizuiwa mnyama naye hupona. Lakini jambo likishaharibika, zote zinatengeneza kitu kilekile: mfuko wa mtu. Pishi ya tende hulipia maziwa. Hakuna tende inayolipia kiwele kilichovimba siku tatu. Mnunuzi wa dume yule alirudishiwa dola zake mpaka senti ya mwisho, na mwanasheria yeyote angesema suala limefungwa. Dume alikaa wiki tatu kwenye boma dogo, kisha daktari akashauri asiendelee kuteseka. Pesa hurudi. Mguu haurudi.

Hapo ndipo insha yangu ya darasani ilipobomoka. Nilidhani mnada una pande mbili, muuzaji na mnunuzi, na kwamba haki ni kuzifanya pande hizo zijue sawa. Kuna wa tatu, ambaye hasomi kitabu wala hainui mkono, na gharama ya kukosea huanza kwake. Kwa watu wawili, kanuni inaweza kuja baada ya kosa, kwa sababu wanaweza kulipana. Kwake yeye hakuna malipo ya baadaye. Kanuni inayomfaa ni ile inayofika kabla.

Kwa hiyo nikaanza kuuliza maswali madogo. Kwa nini dume yule alikuwa bandani? Dau zilikuwa kwenye hema. Picha zilikuwa ukutani. Uzito, ukoo na pembe vilikuwa kitabuni. Nusu dakika ya kuchungulia gizani haikumwonyesha mnunuzi hata kitu kimoja alichohitaji kukijua. Kinyume chake, ilimficha mguu. Tulikuwa tumemleta mnyama mwoga mbele ya watu kwa sababu mnada wa ng'ombe una mnyama mbele ya watu.

Mnada bora wa kulungu, nikiruhusiwa kuuchora, ungekuwa hivi. Wanunuzi waje siku kadhaa kabla, kwa vikundi vidogo, wawatazame madume wakiwa malishoni, wakitembea, kwa umbali ambao hauwashtui. Huko mguu huonekana. Asiyeweza kuja apewe video ya mwendo, siyo picha ya kichwa peke yake. Asubuhi ya mnada daktari asiyelipwa na muuzaji awapitie, na alichokiona kisomwe kwa sauti kabla ya dau la kwanza la kila dume. Madume wabaki malishoni mpaka siku ya kusafirishwa, wapitishwe bandani mara moja tu. Na la mwisho, ambalo halina gharama yoyote: asubuhi ile kila kibarua aambiwe kwamba akiona kitu asimamishe, na kwamba kusimamisha ni sehemu ya kazi aliyoajiriwa. Mimi niliagizwa kunyamaza kwa ajili ya kulungu, na nikanyamaza dhidi yake. Hakuna aliyekuwa ameniambia tofauti.

Nilipomweleza mwenzangu wa darasani, mtoto wa mfugaji wa huko, alicheka kwanza. Unahangaika na asubuhi moja ya hofu, alisema, wakati mnyama huyohuyo hukatwa pembe kila mwaka na wenzake huishia machinjioni? Ni pingamizi zito na sina jibu la kulimaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba kuhusu machinjio watu wenye akili wanabishana, na kila upande una sababu, kwa kuwa kuna anayekula. Hofu ya bandani haimlishi mtu. Haimpi muuzaji bei wala mnunuzi uhakika. Madhara yasiyo na mfaidika ndiyo ya kwanza kuondolewa, na anayeshindwa kuyaondoa haya sitamwamini akiniambia anafikiria yale makubwa.

Pingamizi lake la pili lilinigusa zaidi. Wafugaji wa kule hukaa kilomita nyingi mbali mbali. Siku ya mnada ndiyo siku ya kula pamoja, kupeana habari za ndoa na misiba, kumwona jirani ambaye hajaonekana tangu baridi. Ukihamisha kila kitu kwenye video na mtandao, unaua siku hiyo. Nililielewa hilo bila kutafsiriwa. Mnada wa kwetu bila nyama choma, bila mitumba, bila wazee waliokaa chini ya mti kusuluhisha mahari, ungebaki soko tu. Lakini hema halihitaji kulungu. Watu waje, wale, wapige gumzo, wainue mikono. Anayepaswa kukosekana ni yule mmoja ambaye hakuja kwa hiari.

Nilimpigia baba simu wiki ileile. Baada ya shikamoo na marahaba, habari za mvua na za mama, nilimsimulia habari ya dume. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake kwenye simu.

"Yule fahali wa chumvi unamkumbuka?" akauliza.

"Namkumbuka, baba."

"Alilala njiani. Ndani ya lori, tumbo limejaa maji, barabara ya vumbi. Wenzake wakamkanyaga. Aliyemnunua alinihadithia mnada uliofuata."

"Alidai pesa zake?"

"Hakudai. Alidhani ni bahati mbaya. Alinihadithia kama habari tu, tunakunywa chai." Akanyamaza kidogo. "Na mimi sikumwambia. Wewe ulikuwa umeshakwenda shule."

Sikujua la kusema. Nilimwambia salamu kwa wote, naye akasema Mungu akulinde mwanangu, kama siku zote. Nilikaa na simu mkononi nikipiga hesabu. Mfanyabiashara alipata hasara asiyoijua chanzo chake. Baba alipata ada na jambo la kubeba miaka kumi na tatu. Mimi nilipata elimu, ambayo ndiyo inayoniwezesha kuandika haya. Na fahali alikanyagwa. Katika hesabu yote hiyo, yeye tu ndiye ambaye hatuna namna ya kumrudishia kitu.

Januari inayokuja shamba lile litafanya mnada tena. Msimamizi ameniandikia kuuliza kama nitakuja. Anasema safari hii wanunuzi wataonyeshwa madume malishoni siku mbili kabla, wajaribu tu waone. Bado hajakubali daktari kusoma kasoro kwa sauti, anahofia bei. Nimemjibu kwamba nitakuja, kwa sharti moja: niruhusiwe kusema. Amekubali. Sasa najiuliza kama ningeweka sharti hilohilo kwa baba, alfajiri ile, ndoo mkononi, ada ikiwa yangu.

Sijajijibu bado.